Nyumba ya tofali tupu ya mwaka 1859: kwa nini hawakuipiga lipu?

#1 MwikoWaBabu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi ujenzi, mzaliwa wa Makambako, sasa mwaka wa tisa nahangaika na maisha kusini-mashariki mwa London. Kazi yangu ni kuta za nyumba kongwe: kuchokonoa maungio yaliyooza, kuyajaza upya, kung'oa tofali lililokufa na kupachika jingine. Jumapili nilikwenda kuitazama nyumba ambayo kila fundi tofali huku anaijua kwa jina. Tangu nirudi sijatulia, ndiyo maana nafungua uzi. Picha hakuna, simu ilizima nikiwa bado getini. Mtanisamehe, nitaeleza kwa mdomo.

Inaitwa Red House, Nyumba Nyekundu, na ni nyekundu kweli: tofali nyekundu, vigae vyekundu, madohani mekundu. Iko Bexleyheath. Wakati inajengwa hapo palikuwa Kent, katikati ya shamba la miti ya matunda. Leo ni viunga vya London, ukitoka getini unakutana na nyumba za watu wa kawaida na magari yao.

Mwenye nyumba alikuwa William Morris, msanii kijana wa miaka 25 aliyekuwa ametoka kuoa, akila faida ya hisa za mgodi wa shaba alizoachiwa na familia. Aliyemchorea ramani ni rafiki yake Philip Webb, miaka 28, na hii ndiyo nyumba yake ya kwanza tangu ajitegemee. Walijuana mwaka 1856 katika ofisi ya msanifu G. E. Street kule Oxford. Mwaka 1858 walikwenda Ufaransa kupiga makasia mto Seine, na huko ndiko mchoro wa kwanza ulikochorwa, nyuma ya ramani ya safari. Ujenzi ukaanza 1859, na Juni 1860 Morris na mkewe Jane wakahamia.

Sasa kilichonileta. Nilimsimulia shemeji yangu kwa simu kwamba ni nyumba ya tajiri, ghorofa moja, ukuta wote tofali tupu kuanzia msingi hadi kwenye kenchi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani hela iliwaishia?"

Nilicheka, halafu nikaona ni swali zuri. Kwetu nyumba isiyo na lipu ni nyumba ambayo haijaisha. Mtu anahamia huku kaning'iniza ahadi: mwakani Mungu akijalia napiga lipu.

Na msidhani Waingereza hawakuwa hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, mitaa ya wenye nacho London ilikuwa inapigwa lipu, inachorwa mistari ili ionekane ni jiwe la kuchonga, kisha inapakwa rangi ya maziwa. John Nash aliizungushia Regent's Park majumba ya namna hiyo, utadhani mahekalu ya Wayunani. Chini ya lipu ni tofali, tena mara nyingi tofali la hovyo, maana nani ataliona?

Webb alikataa mchezo huo. Na mimi niliyekulia saiti najua alichokuwa anajitafutia. Lipu inameza mengi. Kozi, yaani mstari wa tofali, imepinda? Lipu. Tofali limevunjika pembe? Lipu. Linta, ile boriti ya juu ya dirisha, imekaa upande? Ongeza lipu sentimita tatu, mwenye nyumba akija ni kung'aa tu. Ukisema ukuta utabaki tupu, fundi umemvua nguo. Kila pigo la mwiko wake litaonwa na mjukuu wa mjukuu wako.

Nilisimama chini ya dirisha moja dakika ishirini, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea. Dirisha lenyewe ni la kawaida, la vioo vidogo vidogo, fremu nyeupe, linapanda na kushuka. Lakini juu yake kuna tao la tofali lililochongoka kama la kanisani. Katikati ya tao na dirisha pamejazwa tofali zilizorudishwa ndani kidogo, kwa hiyo linatupa kivuli. Halikuwekwa kwa urembo: tao ndilo linalobeba ukuta, dirisha halibebi kitu. Kwetu kazi hiyo tungempa linta ya zege na nondo nne. Hapa kila tofali linamwegemea mwenzake, na unaona kabisa mzigo unavyoteremka ubavuni kwenda chini. Maungio ya lile tao yanapungua na kupanuka kwa mpango, hakuna hata moja lililotapikwa mota.

Miaka zaidi ya 160. Pima maji yangu ingekosa kazi pale.

#2 kisiki_cha_mvule

Nimeweka kambi hapa. Mkuu endelea kushusha, chai ninayo.

#3 MamaNjombe

Kaka Mwiko, asante kwa uzi huu, umenikuta pabaya. Tunajenga huku Njombe, tofali za kuchoma, tanuri tulichoma wenyewe mwezi wa nane na zimeiva vizuri, ukigonga zinalia. Mimi nataka ukuta wa mbele ubaki tupu. Mzee wangu hataki hata kusikia, anasema majirani watatucheka. Naomba unisaidie: hao Waingereza tofali wanazipangaje hadi ukuta usipasuke? Na unene wake ni kiasi gani?

#4 MwikoWaBabu

Dada, "zinalia" ndiyo neno. Tofali lililoiva linalia kama chungu, lisiloiva linajibu kama ugali.

Unene kwanza. Tofali la huku la enzi zile lilikuwa inchi 9 kwa 4 na nusu kwa 3 hivi. Urefu ni mara mbili ya upana, na hapo ndipo siri yote ilipo, maana unaweza kulilaza la ubavu au ukaligeuza likatoa kichwa nje, na hesabu bado ikakaa. Ukuta wa tofali moja ni inchi 9, wa moja na nusu ni 13 na nusu. Kuta za wakati ule zilikuwa nzima, hazina uwazi katikati kama za kisasa.

Kwenye mpangilio, wazee wa huku wana miundo miwili mikubwa. Wa Kiingereza: kozi moja yote ubavu, inayofuata yote vichwa, na kuendelea. Ndio wenye nguvu zaidi, vichwa vinaingia ndani na kuushona ukuta. Hampton Court, jumba lililoanzwa na Kardinali Wolsey mwaka 1515, umejaa kazi za namna hiyo, na wale mafundi wakachukua tofali zilizoungua hadi zikawa nyeusi, wakazitumia kuchora almasi ukutani. Tofali la kuungua sisi tunatupa!

Wa pili ni wa Kiflemi: kwenye kozi hiyo hiyo unaweka ubavu, kichwa, ubavu, kichwa. Unapendeza zaidi kwa macho ila unataka mkono mtulivu, maana kila kichwa kikae katikati ya ubavu wa chini yake. Mkikosea kozi ya tatu, ya kumi itawasema. Kew Palace, nyumba aliyojijengea mfanyabiashara Samuel Fortrey mwaka 1631, ni kati ya nyumba za mwanzo kabisa Uingereza kujengwa hivyo, na juu ya mlango bado zipo herufi za jina lake na la mkewe zimechongwa kwenye tofali.

Kitu kimoja mwambie fundi wako: kwenye kona, baada ya kichwa cha kwanza, lazima aweke kipande kilichopasuliwa kwa urefu wake. Kile kipande ndicho kinachohamisha maungio yasipandane. Fundi asiyekijua, ukuta wake utapasuka mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na hapo utaulaumu udongo wa Njombe bure.

Halafu tofali zako zichambue kabla. Zilizopinda na zilizovunjika pembe peleka kuta za ndani.

#5 Mzee_wa_Hoja

Naomba kupingana kidogo. Watu wanaikuza sana hii nyumba kana kwamba kabla yake hakuna Mwingereza aliyewahi kuacha tofali wazi. William Butterfield alikuwa anajenga nyumba za mapadri kwa tofali tupu kabla ya Red House, na kanisa lake la All Saints pale Margaret Street, London, ni tofali za rangi rangi nje ndani. Street mwenyewe, bosi wao, alikuwa anafanya hivyo hivyo. Webb alichukua nyumba ya padri akampa msanii, basi.

Na huyo Morris baadaye si ndiye akawa msoshalisti? Msoshalisti wa hisa za mgodi!

#6 MwikoWaBabu

Mzee wa Hoja, la Butterfield nakupa, wala sikusema ni ya kwanza. Webb alikulia kwenye ofisi iliyokuwa inachora nyumba hizo hizo. La ujamaa nalo nakupa nusu: alijiunga na siasa hizo mwaka 1883, hisa za mgodi alikuwa ameshaziacha.

Ila kuna kitu unakiruka. Nenda nyuma ya ile nyumba, upande wa bustani, uangalie madirisha. Hakuna mawili yaliyolingana kwa sababu tu ya kulingana. Penye korido yapo madogo ya duara kama jicho. Penye chumba kikubwa ni mapana. Webb alianza na chumba: nani anakaa humu, anafanya nini, anahitaji mwanga kiasi gani. Dirisha likafuata, na sura ya nje ikawa matokeo. Nyumba nyingi za wakubwa za kabla ya hapo zilipangwa kinyume: sura kwanza, lazima kushoto kufanane na kulia, halafu mle ndani mtajua wenyewe dirisha limeangukia bafuni au kwenye ngazi.

Na kuna suala la kodi, hili nadhani watu hawalijui. Mwaka 1784 serikali ya Mfalme George wa Tatu iliweka kodi kwenye tofali, shilingi 2 na peni 6 kwa kila elfu moja, kufidia gharama za vita vya Marekani. Wajanja wakafyatua tofali kubwa kubwa ili zihesabike chache, hadi mwaka 1803 serikali ikaja na kodi maradufu kwa zilizozidi ukubwa. Kodi ya tofali ilifutwa 1850. Ya madirisha, ambayo ilifanya watu wazibe madirisha yao kwa matofali, ikafutwa 1851. Kwa hiyo Webb alianza kazi miaka michache tu baada ya tofali na mwanga kuacha kutozwa.

Baadaye, miaka ya 1860, alichora nyumba nyingine ya tofali pale Kensington, kwenye ardhi ya Ufalme. Maofisa waliigomea, wakaona tofali limezidi. Ilibidi aongeze mawe ndipo kibali kitoke. Kumbe na wao walikuwa na majirani wa kuwacheka, Mama Njombe.

Sasa nimseme Webb pia, nisionekane mpambe. Vyumba vikuu vya Red House aliviangalizisha kaskazini. Huku wakati wa baridi jua linapita kusini tu, tena chini chini, saa kumi jioni limeshazama. Ukikaa kwenye vile vyumba mwezi wa kwanza ni friji. Sebule kubwa ya juu ina jiko la kuotea moto la tofali tupu linalopanda hadi darini, limeandikwa kwa Kilatini kwamba sanaa ni ndefu na maisha ni mafupi. Lile jiko si pambo.

#7 MkaaziWaShangani

Assalaam alaikum. Mie si fundi ila nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, Unguja. Mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, na juu yake niru, ile lipu laini ya chokaa. Kila nikisoma hapa roho inanidunda. Mwezi uliopita kijana mmoja aliyesoma alikuja akatushauri tukwangue lipu yote ya nje, mawe yaonekane, eti wageni wanapenda "asili". Nawe Mwiko unasifia ukuta mtupu. Sasa tukwangue?

#8 MwikoWaBabu

Waalaikum salaam. MSIKWANGUE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Na hapa ndipo hawa watu wawili walinishangaza. Mwaka 1877, Morris na Webb hao hao wa tofali tupu walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, SPAB, kipo mpaka leo. Jina la utani walilokipa ni Anti-Scrape, Wapinga-Kukwangua. Maana wakati ule makanisa ya kale ya Uingereza yalikuwa yanakwanguliwa lipu yake na wasanifu wa "urekebishaji", wakidhani wanaurudisha uasili. Morris akasema mnaua jengo. Lipu ya chokaa ya miaka mia tano nayo ni mwili wa jengo, na jiwe la chini yake halikuchongwa ili lionwe.

Kwa hiyo hawakusema kila ukuta uwe mtupu. Ukuta uliojengwa kwa tofali lililochaguliwa na kupangwa ili lionekane, usiufiche. Ukuta wa mawe ya kuokota uliojengwa ili uvishwe chokaa, usiuvue. Matumbawe yananyonya maji kama sifongo, ukiyavua niru unayapa mvua ya masika yote.

La pili, na hili nina kovu nalo. Mwaka wangu wa pili huku nilipewa ukuta wa bustani wa nyumba kongwe, nijaze maungio. Bosi wa wakati huo akaniambia tumia saruji, itakaa milele, haraka haraka tuhamie kazi nyingine. Mimi nani nimbishie? Nikajaza, nikapasafisha, pakapendeza, nikapiga na picha ya kumtumia mama.

Baridi mbili zilipopita nikapitia pale. Maungio yangu yalikuwa yamesimama vile vile, magumu kama chuma, yametokeza nje kama mbavu. Tofali ndizo zilikuwa hazipo. Nyuso zake zimebanduka vipande vipande, ukipitisha kidole unatoka na unga mwekundu. Tofali la kale ni laini na lina maji ndani yake. Likijengwa kwa chokaa, maji yanatokea kwenye maungio, maana chokaa inapumua na ni laini kuliko tofali, ikichoka unaijaza upya. Ukiziba kwa saruji maji yanatafuta njia kwenye tofali lenyewe, barafu inayakuta humo, yanatanuka, uso unaruka. Ukuta wa wazee nikauua kwa mwiko wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nikajifunza chokaa.

Huko kwenu hakuna barafu, ila kuna chumvi ya bahari, inafanya kazi hiyo hiyo. Na boriti zenu zikishafungiwa unyevu ndani ya saruji zinaoza vichwani, mahali ambapo macho hayafiki. Akija fundi na mfuko wa saruji, mpe maji ya kunywa, mshukuru, mwambie arudi nao.

#9 MkaaziWaShangani

Umenipa nguvu. Marehemu bibi alikuwa akisema chokaa ilazwe shimoni hadi isahaulike. Sisi tulidhani ni maneno ya kizee.

#10 MwikoWaBabu

Bibi alikuwa fundi kuliko mimi.

#11 Kijana_wa_Kisauni

Wadau nimesoma yote. Boss, hiyo nyumba ilikula pesa ngapi, na huyo Morris aliishi humo hadi lini? Na ndani kukoje?

#12 MwikoWaBabu

Inatajwa takriban pauni 4,000, wakati mapato yake ya hisa yalikuwa kama pauni 900 kwa mwaka. Piga hesabu.

Ndani ndiko kulikozaa mambo. Alipohamia hakupata dukani samani wala kitambaa cha kumpendeza, akaona vyote ni takataka za kiwandani. Basi marafiki wakawa wanakuja mwisho wa wiki, wanachora ukutani, wanapaka, wanadarizi. Webb alichora hadi meza na vinara vya mishumaa. Edward Burne-Jones alichora ukutani picha za harusi ya hadithi ya kale. Kwenye dari walitoboa nukta kwenye lipu ikiwa mbichi, ili miaka ikipita na rangi ikififia, atakayekuja aweze kufuata zile nukta na kuchora upya. Niliziona. Fundi anayemwachia maelekezo fundi ambaye hajazaliwa, hapo nilivua kofia.

Kutokana na mchezo huo mwaka 1861 wakafungua kampuni ya mapambo, ndiyo iliyomfanya Morris ajulikane duniani kwa karatasi za ukutani. Mchoro wake wa mwanzo kabisa wa karatasi, wa mwaka 1862, aliutoa kwenye fito za waridi za bustani ile. Ndege alimwachia Webb awachore, yeye walikuwa wanamshinda.

Nje kuna kisima, chenye paa la msonge la vigae, mviringo kabisa. Nilipokiona nilijisikia niko kwa babu.

Aliishi miaka mitano tu. Kulikuwa na mpango familia ya Burne-Jones ihamie, Webb akachora ubawa wa kuongezea. Mwaka 1864 maradhi yakawaingia, Burne-Jones wakapoteza mtoto mchanga, mpango ukafa. Morris naye aliumwa homa ya baridi yabisi, safari za kila siku London zikamshinda. Mwaka 1865 akarudi mjini, nyumba ikauzwa, na hakurudi kuiona tena maisha yake yote.

Ilipita mikononi mwa watu wengi. Mwaka 1952 alihamia msanifu Ted Hollamby, akaitunza mpaka alipofariki 1999, na tangu 2003 iko chini ya National Trust, shirika la kutunza majengo ya kale, ndiyo maana mimi na wewe tunaweza kuingia kwa tiketi. Mwaka 2013, nyuma ya kabati la chumba cha kulala, ilifunuliwa picha ya ukutani iliyokuwa imefichwa miaka mingi: Adamu na Hawa, Nuhu, Raheli, na Yakobo na ngazi yake.

#13 Mzee_wa_Hoja

Kumbe na wao walificha kitu nyuma ya kabati. Nimefunga mdomo, uzi umetulia.

#14 MamaNjombe

Wapendwa narudi na mrejesho. Nilimsomea mzee wangu uzi huu wote jana usiku, hadi kwenye kuungua kwa tofali za Hampton Court. Asubuhi amekubali ukuta wa mbele tu, upande wa barabarani, kwa masharti kwamba zile nyeusi zilizoungua tuzitumie kuandika herufi za jina lake juu ya mlango.

Shida ni fundi. Nilipomwambia hakuna lipu, akauliza mara mbili kama nimesikia vizuri, kisha akapandisha bei. Nikamwuliza kwa nini, wakati nimempunguzia kazi na mifuko ya saruji. Akasema, "Mama, hiyo sasa ni kazi nyingine."

#15 MwikoWaBabu

Fundi huyo mshike, anajua anachokisema. Angekubali kwa bei ile ile ndio ungeogopa. Amefika kozi ya ngapi? Na kona ya kushoto ikoje, ameweka kile kipande?

#16 MamaNjombe

Kozi ya sita. Nimeshuka sasa hivi na tochi kuangalia. Kipande hakuna, na maungio ya kozi ya nne na ya tano yamepandana.

#17 MwikoWaBabu

Mota bado mbichi?

#18 MamaNjombe

Amejenga leo mchana.

#19 MwikoWaBabu

Mpigie sasa hivi, kabla hajalala. Kesho asubuhi na mapema ateremshe hadi kozi ya tatu, tofali azioshe, aanze upya. Siku yake umlipe.

#20 MamaNjombe

Nimempigia. Amekata simu. Nampigia tena.